Fundi wa Baiskeli Zisizopumzika

Breki niliitoa mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka sita nimelikana: mbele ya mume wangu, mbele ya kina mama wa kanisa, na mara moja mbele ya daktari aliyekuwa akinifunga bega na ambaye hakuwa ameniuliza chochote. Nilisema baiskeli ilifunguka nyuma. Nilisema fundi alichomelea vibaya. Nikaandika pia, maana mtu aliyesoma haridhiki na kudanganya kwa mdomo tu, lazima aache nakala.

Huyo fundi sote tulimwita Fundi. Wavuvi walimwita hivyo, Wabemba waliongeza heshima yao mbele wakasema ba Fundi, na mke wake naye alimwita Fundi hata siku walipogombana. Alitoka ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Kongo, kama wengi wetu tunaosema Kiswahili hapa Nchelenge, na juu ya safari hiyo alikuwa na maneno mawili tu: "Nilivuka. Ilitosha." Hakupanda mtumbwi tena maishani mwake. Watu wa kisiwa cha Kilwa, kilicho humu ziwani, walimtumia baiskeli zao mbovu kwa boti, kila moja imefungiwa kikaratasi kwenye usukani kama mgonjwa anayepelekwa hospitali peke yake, naye alizitengeneza na kuzirudisha kwa boti hiyohiyo. Walipomwambia aje mara moja aone wanakoishi, alijibu, "Kinga zenu zinanielezea." Kinga ndilo jina la baiskeli kwa Kiswahili chetu cha Katanga.

Karakana yake ilikuwa Kashikishi, kando ya lami, hatua chache kutoka soko la samaki. Turubai moja, sanduku la spana, fremu zimening'inizwa kwenye nguzo za kibanda ambacho mwenye nacho alikihama bila kukiezeka. Hapo ndipo nilipofika nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, digrii yangu ya Lubumbashi, na kikaratasi ambacho juu yake nilikuwa nimeandika kila nilichosoma kuhusu baiskeli za barabarani za bei nafuu. Nilitaka ile aina ambayo gurudumu la nyuma na pedeli ni kitu kimoja. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu yako nayo. Hakuna kutulia kwenye mteremko. Nilikuwa nimeiona kwenye simu, imepandwa na watu wembamba wa miji ya mbali, na nikajiona mimi ndani yake, mwembamba.

Fundi hakutaka kuona karatasi.

"Utabeba nini?" aliuliza.

"Sibebi kitu."

"Samaki?"

"Hapana."

"Mutoto? Unga? Makala ya kupikia?"

"Fundi, nataka kupanda tu. Niende mpaka njia panda ya Mantapala, kisha nirudi."

"Kufanya nini kule?"

"Kurudi."

Aliweka spana chini akanitazama kama anayekadiria uzito wa gunia. "Kumbe unataka kinga ya kwenda kwenye hauna kazi."

"Ndiyo."

"Bon. Ikala." Akanisogezea kigoda. "Batu ya vile njo wanadanganywa sana dukani."

Kila aliyemjia alianza na swali hilo la mzigo. Ukisema samaki, alikupa lile dude zito la chuma lenye kibebeo kipana, lenye kifaa kinachoiacha miguu ipumzike, ambacho sisi tunakiita rulibre. Ukisema unga, vilevile. Hakumpa mtu wa mzigo baiskeli isiyopumzika hata akilia, kwa sababu, alisema, mzigo ukikusukuma kwenye mteremko na pedeli zikikataa kusimama, utafika kabla ya samaki wako. Lakini ukisema hubebi kitu, uso wake ulibadilika. Aliona kazi.

Kijiko cha supu ndicho kilichokuwa kipimo chake cha kwanza. Aligonga kila bomba la fremu akitega sikio. Fremu nzima ililia, yenye ufa ilikohoa. Mimi niliipenda moja nyekundu. Aliigonga, ikakohoa, akaitupa kwenye rundo bila kunipa pole. Kipimo cha pili kilikuwa pale ekseli ya nyuma inapokaa. Alitaka tundu refu lililolala, ili gurudumu livutwe nyuma mpaka mnyororo ukaze, kwa sababu baiskeli ya namna hii haina kitu kingine cha kuukaza. Fremu nzuri za kisasa zenye tundu fupi lililosimama alizikataa zote. "Hii ni muzuri ya kupiga picha," alisema. Ile ya zamani, nzito kidogo, iliyochubuka rangi, ambayo wenye maduka hawaitaki tena, hiyo aliipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Duka moja mjini lilikuwa limeleta baiskeli zinazong'aa za gia kumi na nane. Nilimuuliza kwa nini nisinunue hiyo. Alinivuta mkono mpaka barabarani.

"Kilima unaona ngapi?"

Nilitazama lami inavyokwenda, imelala kama mkeka. "Kimoja. Kile cha kushukia bandarini."

"Kilima kimoja, gia kumi na nane. Ile kumi na saba utapikia nini? Tena iko na matumbo yote inje. Mchanga wa hapa utakula ile matumbo mbele ya Noeli."

Kisha alinipima. Alinisimamisha juu ya bomba la fremu mbele ya soko zima na nilipobana sketi alisema, "Weka muguu, mama. Hapa haina kanisa." Alinihesabisha meno ya gurudumu dogo la pedeli, arobaini na mawili, na ya lile la nyuma, kumi na manane, kisha akanihesabisha tena, maana, alisema, mutu wa masomo anahesabu mbio. Akaeleza kwamba ya nyuma yakipungua utaruka kwenye lami lakini utakufa kwenye upepo wa ziwa, yakizidi utazungusha miguu kama kuku anayechakura na hutafika popote. Kumi na nane ni ya mama mwenye magoti ya miaka yangu. Sikukasirika, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kuyataja magoti yangu kama sehemu ya mashine.

Hapa hakuna duka linalouza lile gurudumu dogo la meno lililokazwa moja kwa moja, ambalo yeye aliliita pinyo. Kwa hiyo alichukua rulibre ya kawaida, akaijaza shaba ya kuchomelea mpaka isiweze tena kuzunguka peke yake, akaikaza kwenye kitovu cha gurudumu kwa ufunguo wenye mpini wa urefu wa mkono. Kazi yote, na fremu, na magurudumu, na matairi ambayo hayakuwa mapya lakini hayakuwa na aibu, ilinigharimu ndoo nne za chisense, vile vidagaa vya Mweru tunavyovianika kwenye mchanga. Hakuna baiskeli ya lami ya bei hiyo kutoka hapa mpaka Mansa, nilisema wakati huo, na bado nasema, na atakayebisha alete yake tushindane.

Mwisho aliifunga breki ya mbele. Nikasema miguu si ndiyo breki?

"Miguu inachoka," alisema. "Freni haichoke."

Hata hapo hukupewa baiskeli. Desturi yake ilikuwa kwamba siku ya kwanza huipandi. Unaisukuma kwa miguu, siku nzima ya soko, kutoka samaki mpaka mihogo mpaka nguo za mitumba, ili kila mtu aone na ajue ni ya nani, na mwizi akiipita kesho apigiwe kelele. Hiyo ndiyo hati yake ya umiliki, na haikuwahi kupotea kwenye droo. Tatizo ni kwamba baiskeli ya pinyo ukiisukuma, pedeli nazo zinazunguka, na usipojua kutembea nazo zinakupiga kwenye muundi. Mimi sikujua. Nilipita sokoni nikipigwa kila hatua ya nne.

"Mama Mwandishi!" muuza mihogo mmoja aliniita. "Unaipeleka mbuzi gani hiyo? Haitaki kuuzwa!"

"Ni baiskeli," nilisema, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa amekosea.

"Iambie basi!"

Jioni Fundi aliangalia miundi yangu, akahesabu alama, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. "Sasa unaijua," alisema.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mtu wa maneno makali na hakujua kuyapunguza. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Chisenga alileta baiskeli iliyokuwa ikitembea kwa kunung'unika, mnyororo wake mwekundu, umejaa mchanga na siafu wazima. Alikuwa ameupaka mawese. Sote tumewahi kufanya hivyo, mafuta ni mafuta, na mawese ndiyo yaliyo karibu. Fundi aliuinua ule mnyororo kwa vidole viwili.

"Unataka kuiendesha ao kuikaanga?"

"Lakini Fundi, iliteleza vizuri siku ya kwanza."

"Hata weye nikikupaka mawese utateleza siku ya kwanza."

Mtu yule aliondoka kwa hasira akarudi baada ya saa moja, kwa sababu baiskeli yake ilikuwa imebaki pale. Tena Fundi alihubiri kila siku dhidi ya mwendo wa kasi, huku amevaa saa kubwa mkononi na kupima kwa siri kila aliyepita kwenda boma. "Yule leo amechelewa dakika mbili," alikuwa anasema peke yake. "Pinyo yake imelegea, ao anagombana na bibi." Jumapili hakugusa spana, lakini alikaa mbele ya karakana iliyofungwa, amevaa suti, akisikiliza minyororo ya waumini ikipita, na kusema ipi italetwa Jumatatu. Hakukosea mara nyingi.

Mchungaji mmoja aliyekuwa na duka la baiskeli za gia ndani ya familia yake alihubiri juu ya mashine zisizo na sabato. Alisema kitu kisichopumzika si cha Mungu, na baadhi ya watu walimgeukia Fundi pale kwenye benchi la nyuma. Baada ya ibada Fundi alimngoja mlangoni.

"Moyo yako, Pasta," aliuliza kwa adabu, kofia mkononi, "inapumzikaka siku gani?"

Kamati ya soko ilipomwomba aache kuuza pinyo mpaka mambo yatulie, alipaka maandishi mapya kwenye kibao chake, herufi kubwa kuliko mwanzo: PINYO HAPA.

Huyo ndiye mtu niliyemharibia jina.

Mambo yalikuwa hivi. Zile baiskeli za kwenye simu hazikuwa na breki. Zilikuwa safi kama mstari wa kalamu, na yangu ilikuwa na waya umekunjika mbele kama sharubu. Baada ya mwezi mmoja niliazima spana kwa jirani, nikaifungua breki, nikaiweka kwenye kopo. Kwa wiki mbili nilikuwa mzuri. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, nikashuka kile kilima kimoja cha bandarini ambacho nilikihesabu mwenyewe. Pedeli zilinizidi. Miguu ikaruka, ikabaki hewani pande zote mbili, na mimi nikashuka hivyohivyo mpaka kwenye chisense za kina mama zilizoanikwa chini, nikazipitia zote kwa bega la kushoto.

"Samaki zetu!" mmoja alipiga kelele. Mwingine aliniinua, akanifuta vidagaa usoni, akaniita mama kwa Kibemba, "Ni nini, bamayo? Ni nini imetokea?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Pinyo imefunguka." Ilitoka rahisi sana. Ilikuwa imejipanga mdomoni kabla sijafika chini.

Nikiwa na bega kwenye kitambaa na mkono wa kulia huru, nikaandika. Nilijicheka kwa ukarimu, kama nifanyavyo siku zote, kwa sababu anayejicheka huaminiwa kwa mengine yote. Niliandika juu ya harufu yangu ya wiki mbili, juu ya mume wangu aliyelala sebuleni. Na katikati nikaweka sentensi niliyoipenda kuliko zote: kwamba Fundi aliniuzia baiskeli yenye imani nyingi kuliko skrubu. Maandishi yalizunguka kwenye vikundi vya WhatsApp kutoka Kashikishi mpaka Mansa. Watu waliikariri ile sentensi. Waliipita karakana wakiisema kwa sauti, wengine bila ubaya, kama mtu anavyoimba wimbo wa redio. Yule mchungaji aliisoma kanisani.

Wateja wa lami waliondoka kwanza, kisha wa samaki. Watu walitegemea Fundi ajitetee, na alikuwa na ulimi wa kutosha. Yeye akashika spana. Alitengeneza mbili tatu zilizoletwa, akapaka kibao chake rangi upya, na baada ya msimu wa mvua turubai halikuwapo. Alihamia Mantapala, kwa wakimbizi wapya kutoka kwetu, waliokuwa na mashamba, na njia ndefu, na hawakuwa kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp.

Mimi baiskeli niliiegemeza ukutani na kumwambia kila aliyeuliza kwamba ni hatari.

Mwaka huu nilimfuata. Sitasema ni dhamiri. Nilikuwa na miaka hamsini, magoti yalikuwa yanauma kwa kukaa na si kwa kupanda, na nilikuwa nimechoka kuukwepa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Nikapakia baiskeli kwenye gari la mihogo mpaka Mantapala. Nilimkuta chini ya turubai lilelile, jicho moja limefanya ukungu, fremu zimening'inia, kijiko mfukoni. Karibu naye mwanamke mmoja alikuwa akisukuma baiskeli mpya kati ya mabanda huku akipigwa miundi, na watu wanamcheka.

Fundi alinijua. Hakusalimia kwa jina. Aliichukua baiskeli, akaigeuza miguu juu, akaweka patasi kwenye meno ya ile pinyo akaigonga kwa nyundo mara tatu, kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Aliangalia ile shaba yake ya miaka sita, kisha akapitisha kidole kwenye tundu tupu la mbele, pale breki ilipokuwa.

"Fundi," nilisema, "nimekuja kukuambia—"

"Shika gurudumu."

Nikashika. Akatafuta breki kwenye sanduku, akaanza kuifunga.

"Ile siku ya bandarini, mimi—"

"Shika muzuri, inacheza."

Nilishika vizuri. Alikaza, akavuta waya, akajaribu, akakaza tena. Mwishowe akafuta mikono na kunitazama kwa lile jicho zima.

"Ile maneno uliandika. Uliniandikia mimi?"

"Hapana. Niliwaandikia watu."

"Basi usiniletee mimi. Mi naijua." Akageuza baiskeli ikasimama. "Peleka kwenye uliipeleka."

"Na kama sitaweza?"

"Si uliweza mara ya kwanza?"

Alinitoza bei kamili, bei ya mgeni, akaandika namba yangu ya simu kwenye sanduku la spana kama ya mteja yeyote, na sikuthubutu kuomba apunguze. Nikapanda hapohapo, mbele ya wakimbizi na wauza mahindi, mama mzima wa miaka hamsini, sketi imefungwa kwa mpira wa tairi, nikaenda mpaka kwenye lami kwa miguu isiyopumzika. Wanaosema umri wangu ni wa kukaa barazani waliniona. Wataniona tena kesho.

Siku kumi na moja zilipita. Kila asubuhi nilifungua daftari, nikaandika sentensi moja, nikaifuta kwa sababu haikuwa na mdundo. Kisha simu ililia mchana, namba nisiyoijua. Alikuwa mwalimu wa kike wa shule moja ya sekondari hapa Kashikishi. Tuliongea Kibemba, na hapa nakiandika kwa Kiswahili, ila mukwai, neno lao la heshima, nimeliacha.

"Mukwai, samahani kukusumbua. Tunaanzisha timu ya wasichana ya baiskeli za lami. Fedha ni kidogo. Nimezunguka kote, na za bei tunayoiweza ni zile za pinyo, za yule mzee wa Mantapala. Sita. Lakini mwalimu mkuu anasema ni za hatari. Anasema kuna mama mmoja msomi ambaye ilimfungukia."

"Anasemaje huyo mwalimu mkuu?"

Aliikariri sentensi yangu, neno kwa neno, bila kukosea.

"Nilimuuliza mzee mwenyewe kama ni kweli," aliendelea. "Alikataa kujibu. Alinipa namba yako tu. Mama, tuko kwenye kikao cha wazazi sasa hivi, na kama ni kweli, hatutampa kazi. Naweza kukuweka kwenye spika?"

Nilisikia mbofyo, kisha chumba: viti, kikohozi, mtoto mchanga, feni. Kina mama wa kanisani kwangu walikuwa humo, nilizijua sauti mbili.

"Haikufunguka," nilisema. "Haijafunguka mpaka leo, wiki iliyopita imegongwa nyundo mbele yangu. Breki niliitoa mimi, kwa mkono wangu, ili nipendeze. Nikaanguka kwa sababu hiyo. Kisha nikamsingizia Fundi, na nikaandika, na ninyi mkanisoma. Alinitengenezea baiskeli bora kuliko nilivyostahili. Wapeni wasichana hizo, na atakayetoa breki mwondoeni kwenye timu."

Kisha mwanamume mmoja, bila shaka mwalimu mkuu, akasema kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa kitu alichokizoea, "Lakini ilikuwa sentensi nzuri."

"Ilikuwa nzuri, mukwai. Haikuwa kweli."

Nikasikia kiti kikivutwa. Mama mmoja akauliza kama wasichana watapanda na suruali, mwingine akamjibu kwamba wewe unataka wapande na nini, na watu watatu wakaanza kusema pamoja, si juu yangu. Mwalimu akaichukua simu.

"Sita," alisema. "Ngoja nimpigie Fundi kabla hawajabadilisha mawazo."

Akakata bila kuniaga.